Feni ya Paani Inapowanyima Wasafiri Usingizi

Katika nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini wako watu wengi ambao nyumba yao ya likizo, na kwa baadhi yao nyumba ya mwaka mzima, ni gari. Ndani ya gari hilo mna kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na kabati la nguo, na juu ya paa mna tundu la mraba lililotiwa feni. Desturi hii si ngeni. Kiwanda cha Volkswagen kilianza kutengeneza basi lake dogo mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ikaanza kulitia vitanda na makabati. Siku hizi magari yanayopendwa kwa kazi hiyo ni yale ya mizigo yenye paa refu, kama vile Fiat Ducato, Ford Transit na Mercedes-Benz Sprinter.

Tundu la feni hiyo kwa kawaida lina inchi 14 kila upande, yaani karibu sentimita 36, na mota yake huendeshwa kwa betri ya volti 12. Kazi yake ni kutoa nje joto, mvuke wa sufuria na unyevu wa pumzi za waliolala. Nchi za baridi zina taabu ambayo mkazi wa pwani yetu haijui: pumzi ya mtu hugusa bati lililopoa, hugeuka maji, na maji hayo hutiririka hadi godoroni. Baada ya majuma machache godoro huota kuvu upande wa chini, pasipoonekana. Kwa hiyo feni hii si pambo.

Lakini ina kelele. Hutetema, hugongagonga, huvuma kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Na kwa kuwa kitanda mara nyingi huwa chini yake hasa, aliyelala husikia kila kitu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kwamba kelele ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30. Feni inayokwenda kwa kasi yake yote hupita kipimo hicho kwa mbali. Ndipo mwenye gari, kwa hasira za saa nane za usiku, anapoizima na kufunga madirisha yote kwa sababu ya baridi.

Hapo ndipo penye hatari. Asubuhi huamka akawasha jiko la gesi apashe chai moto, naye amesahau kwamba feni imezimwa. Moto unaowaka katika chumba kisichopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo hujishika na damu kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 200 ya ile ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hulegea, kisha hulala asiamke. Kupunguza kelele za feni, basi, kuna maana zaidi ya starehe: feni isiyosumbua ndiyo feni isiyozimwa.

Kwanza mwenye gari apaswa kujua kelele zatoka wapi, kwani wengi hununua feni mpya pasipo haja. Gari likiwa limesimama na feni inakwenda, kelele zikisikika, basi chanzo ni mapanga, mota au bati la paa. Gari likiwa mwendoni na feni imezimwa, zikisikika kelele, basi chanzo ni kifuniko, wavu wa mbu au fremu ya ndani. Njia nyepesi kabisa ni ya watu wawili: mmoja aendeshe, mwingine akae nyuma na kukandamiza kiganja cha mkono hapa na pale. Panaponyamaza pakiguswa, ndipo penye dosari.

Tuseme feni yenyewe ndiyo inayotetema. Kabla ya kuigusa, fyuzi yake itolewe, maana zipo feni zinazojiwasha zenyewe joto linapopanda, na kidole hakina akiba. Wavu ufunguliwe, mapanga yafutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Vumbi lililoganda kwa mafuta ya kukaangia huelemea panga moja kuliko jingine, na mzunguko usiolingana hutikisa paa zima. Fundi mvumilivu huweza kubandika kipande kidogo cha utepe mgongoni mwa panga moja, akawasha feni, akasikiliza, kisha akakihamishia panga la pili, hadi mtetemo upungue. Hali kadhalika atazame nati au skrubu inayoshika mapanga kwenye mhimili wa mota. Mara nyingi huwa imelegea nusu mzunguko, basi. Mota inayolia kama mlango mkavu huhitaji tone moja au mawili ya mafuta mepesi ya mashine. Mafuta ya kupikia yasitumiwe, kwani hugeuka gundi.

Kosa moja hurudiwa na wengi: kukaza skrubu kwa nguvu zote. Fremu ya feni ni ya plastiki, na paa la gari la mizigo lina matuta. Skrubu za upande mmoja zikikazwa mno, fremu hupinda na mapanga huanza kukwaruza ukingo. Zilegezwe zote, kisha zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, kona na kona inayoikabili, kama mtu afungavyo nati za gurudumu. Paa likiwa na matuta makubwa huwekwa kwanza kipande cha kusawazisha kilichochongwa kufuata umbo lake.

Kuhusu mwendo wa feni, ipo hesabu ambayo yafaa kila mwenye gari aijue. Feni ikipunguzwa kasi kuwa nusu, hewa inayotoka hupungua kuwa nusu vilevile. Lakini kelele hushuka kwa desibeli 15 hivi, na kushuka kwa desibeli 10 tu sikio huhesabu kuwa ni kama nusu ya kelele. Kwa hiyo ni heri kuiacha ikienda polepole usiku kucha kuliko kuiwasha kwa vishindo nusu saa. Ziko pia feni ambazo kifaa chake cha kupunguza kasi hukata umeme vipande vipande mara nyingi kwa sekunde, na ukataji huo ndio unaosikika kama mlio mwembamba. Kupanda au kushuka daraja moja la kasi wakati mwingine huumaliza mlio huo. Usipokwisha, hubadilishwa kifaa, kikawekwa kinachokata umeme zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, ambazo sikio la mwanadamu haliwezi kuzisikia.

Tena feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia. Madirisha yote yakifungwa, hewa hujipenyeza kwenye mipira ya milango ikipiga miluzi, na mota huzunguka kwa taabu. Dirisha moja lililo mbali na feni lifunguliwe kiasi cha upana wa kiganja, na mara hiyo mvumo hubadilika. Jambo hili lina uzito mwingine pia: feni yenye nguvu ikinyonya ndani ya gari lililofungwa, yaweza kuuvuta moshi wa kipasha joto urudi ndani badala ya kutoka nje.

Kelele za mwendoni ni kazi ndogo zaidi. Wasafiri wa Afrika Mashariki wanazijua kutoka kwa magari ya watalii yenye paa la kuinuka, ambayo barabara ya changarawe yenye matuta huyafanya yaimbe kutwa nzima, na askari aliyepata kusafiri nyuma ya karandinga hahitaji kuelezwa. Kingo za wavu wa mbu hubandikwa ukanda mwembamba wa sponji au wa kitambaa kizito cha sufu. Kona za kifuniko huwekewa vipande vya mpira. Na mkono unaokiinua, ukiwa na nafasi, hutiwa washa nyembamba ya plastiki. Kifuniko kisichotengenezwa kwa kuendeshea kikiwa wazi kifungwe kabla gari halijaondoka, maana upepo wa barabara kuu huking'oa mzimamzima.

Yabaki bati lenyewe. Paa la gari ni jembamba, nalo huitikia mota kama ngozi ya ngoma. Mafundi hubandika kwa ndani, kulizunguka tundu, vipande vya mpira mzito wa butili vyenye karatasi ya alumini juu yake. Mpira huo hula mtikisiko na kuugeuza joto kidogo sana. Si lazima kulifunika bati lote, na anayeuza kwa mita atasema vingine. Fremu ya mbao nyepesi ikiwekwa upande wa ndani, skrubu za feni zikashika mbao pamoja na bati, ngoma hiyo hufa zaidi.

Feni ikishatolewa na kurudishwa, utepe wa zamani wa kuzibia usitumiwe tena. Ukwanguliwe wote, bati lisafishwe kwa spiriti, kisha uwekwe utepe mpya wa butili chini ya fremu na lakiri ya paa juu ya kila kichwa cha skrubu. Silikoni ya bafuni haifai. Hung'ang'ania bati, na siku ya kuitoa huondoka na rangi. Lakiri ikishakauka, mtu mmoja apande ngazi na mpira wa maji au ndoo mbili, amwage polepole pande zote nne za feni, na mwenziwe akae ndani na tochi, akitazama kona.