Mchezo Unaoisha Jumapili: Vikundi vya Maigizo Nakuru na Soko la Podikasti

Kwa miaka mingi vikundi vya maigizo vya Nakuru vimeishi kwa vitabu teule vya fasihi vinavyotahiniwa shuleni. Muhula wa kwanza na wa pili waigizaji hukodi matatu, hupakia maleba na spika, kisha huzunguka shule za upili za Njoro, Molo, Gilgil, Naivasha hadi Kericho. Asubuhi wanaigiza Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, baada ya chakula cha mchana The Samaritan ya John Lara. Wanafunzi wanalipa, mwalimu wa lugha anakusanya, kikundi kinaondoka na chake. Biashara yote ilisimama juu ya jambo moja, kwamba hakuna mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, anayekwepa fasihi.

Sasa nguzo hiyo inang'olewa. KCSE ya mwisho ni 2027. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 ya mtaala mpya waliingia sekondari pevu Januari 2026, na huko Fasihi ya Kiswahili ni somo la kuchagua. Kikundi kilichozoea kujaza bwalo zima la chakula kitajikuta kikiigizia darasa moja. Ndiyo maana nasema swali la podikasti, yaani kurekodi mchezo na kuusambaza mtandaoni kama kipindi cha sauti, ambalo wasanii wengi wa Bonde la Ufa bado wanaliona kama mchezo wa vijana wa Nairobi, ni swali la riziki.

Tuangalie hesabu ya ukumbini kwanza. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, na ina jukwaa lenye historia: ukumbi wa Nakuru Players, uliotokana na walowezi waliopenda maigizo enzi za ukoloni na baadaye ukawa shule ya waigizaji Waafrika. Tuseme kikundi kinapata watu 120 kwa kiingilio cha shilingi 500. Hizo ni shilingi 60,000. Toa kodi ya ukumbi, mabango, fundi wa taa, nauli na chakula cha mazoezi, halafu kinachobaki kigawanye kwa waigizaji wanane na mwelekezi wao. Wengi wanarudi mitaa ya Kaptembwo au Free Area na pesa ya siku mbili tatu. Mazoezi ya wiki sita yamemalizwa na Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu mchezo haupo tena popote.

Hapo ndipo sauti inapoingia. Gharama kubwa ya mchezo, yaani kuandika, kufanya mazoezi na kukusanya watu, imekwisha kulipwa kufikia jioni ya onyesho. Kuurekodi ni nyongeza ndogo. Kule Los Angeles kikundi cha The Thrilling Adventure Hour kilifanya hivyo hivyo: waigizaji walisimama mbele ya maikrofoni wakiwa na karatasi mkononi, hadhira ikanunua tiketi, na kuanzia 2011 rekodi zikatolewa bure kama podikasti. Welcome to Night Vale walianzia upande wa pili. Walitoa podikasti kwanza, 2012, wasikilizaji walipokuwa wengi wakaanza kuzunguka miji wakiuza viti. Kwa wote wawili sauti ya bure ndiyo iliyokuwa ikimwita mtu aje alipe mlangoni.

Msomaji atauliza kwa nini kazi hii isifanywe na redio, maana sisi tumelelewa na michezo ya redio. Ni kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Ushikwapo Shikamana ilisikika nchi nzima ikizungumzia uzazi wa mpango, na baadaye Tembea na Majira ikaingia mashambani na mambo ya kilimo na afya. Tanzania walikuwa na Twende na Wakati kuanzia 1993. Watafiti waliizuia isirushwe Dodoma kwa miaka miwili ili walinganishe tabia za waliosikia na wasiosikia, na tofauti ilionekana wazi. Michezo hiyo ilikuwa na nguvu hasa. Lakini angalia nani alilipa. Yalikuwa mashirika na wafadhili waliokuwa na ujumbe wa kufikisha, na mradi ulipofungwa mwandishi na waigizaji walifungiwa pamoja nao. Soko la FM lilipofunguliwa miaka ya 1990, mchezo wa redio ukawa mzigo. Kituo huishi kwa kuuza muda wa hewani, na mtangazaji mmoja mwenye simu za wasikilizaji hujaza saa tatu kwa gharama ndogo kuliko dakika 30 za waigizaji wanane. Nakuru ina vituo vyake, Radio Amani ya Dayosisi ya Katoliki kikiwemo, na vinaweza kuwa washirika wazuri wa kutangaza onyesho. Kuvitegemea vinunue tamthilia ni kujidanganya.

Kurekodi chenyewe kuna ufundi ambao watu wa jukwaa wanaudharau. Kumbi nyingi za kijamii mjini zimeezekwa mabati, na mvua ya Aprili ikianza kupiga hakuna maikrofoni itakayomwokoa mtu, kwa hiyo kikundi chenye akili hurekodi maonyesho yote mawili na kuchagua lililo safi. Mwigizaji aliyezoea kutembea na kutupa mikono lazima ajifunze kusimama mahali pamoja na kuiacha sauti ifanye kazi ya mwili. Kando ya jukwaa panahitajika mtu wa milio. Karai la kokoto ni la nyayo, mchele unaomwagwa taratibu kwenye sinia ya bati ni manyunyu, na kitasa kikuukuu kilichopigiliwa ubaoni kinafungua milango yote ya mchezo. Hadhira hupenda kumtazama huyu kuliko waigizaji wenyewe, na kicheko chao, kikinaswa vizuri, humwambia msikilizaji wa mbali kwamba palikuwa na watu hai. Mwandishi naye abadili mkono. Jukwaani mhusika akiingia tunamwona. Katika sauti lazima mtu amwite jina au aulize mbona amelowa.

Halafu kuna bando. Mchezo wa dakika 40, ukihifadhiwa kwa mkondo mmoja wa sauti na kilobiti 64 kwa sekunde, hauzidi megabaiti 20. Mwanafunzi wa Egerton au mchuuzi wa Bondeni anaweza kuupakua bila kuumia na kuutuma kwa WhatsApp kwa shangazi yake Kuresoi. Wanaong'ang'ania sauti nzito ya mikondo miwili wanaongeza uzito huo mara mbili, na mazungumzo hayanufaiki kwa lolote.

Mapato ni kizungumkuti kwa yeyote anayetarajia matangazo ya mtandaoni. Spotify iliingia Kenya Februari 2021, lakini kusikilizwa huko hakumjazi mtu mfuko. YouTube inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla ya kugawana pesa za matangazo, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali. Wasimulizi wa Tanzania wamethibitisha kwamba Mswahili atakaa asikilize hadithi ndefu ya sauti, sehemu baada ya sehemu, na hilo ni la kutia moyo. Kwa Nakuru, hata hivyo, naona pesa ziko karibu zaidi: chama cha akiba na mikopo au duka la pembejeo linalotajwa mwanzoni mwa kila sehemu, nambari ya till ya malipo ya simu inayosomwa polepole mwishoni, na shule. Sekondari pevu zina somo la Uigizaji na Filamu, na mwalimu wake atatafuta mifano ya Kiswahili anayoweza kuisikilizisha darasa. Kikundi kinachomuuzia rekodi, mswada na siku moja ya mafunzo kimepata mteja wa kila mwaka.

Kiu ya hadhira siitilii shaka. Aprili 2025 tamasha la kitaifa la drama lilipofanyika hapa Nakuru, wanafunzi wa shule ya wasichana ya Butere waliokuja na mchezo wa Echoes of War wa Cleophas Malala waliingia jukwaani katika shule ya Kirobon, wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka, wakilalamika kwamba hawana hadhira, hawana vyombo vya sauti, na mwelekezi wao amezuiwa. Nje polisi walikuwa wakitawanya watu kwa vitoa machozi. Yale yalikuwa aibu kwa walioyaamuru, na ninawaonea fahari wale watoto. Kwa mfanyabiashara wa sanaa yalionyesha pia kwamba nchi nzima inaweza kutamani kusikia mchezo ulioandikwa kwa ajili ya jukwaa la shule.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni karatasi. Ruhusa ya kuigiza kitabu haimpi mtu ruhusa ya kurekodi na kusambaza, na wachapishaji wa vitabu teule wana haki ya kudai chao. Sheria ya Kenya hulinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Mtunzi wa tamthilia Ibsen, aliyefariki 1906, ni huru kwa anayetaka kumtafsiri upya, ilhali Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki 1999, imefungwa hadi mwisho wa 2049. Njia salama ni mchezo mpya ulioandikwa na mtu wa kikundi. Waigizaji nao wana haki zao katika rekodi, na wanaweza kujisajili na chama cha haki za waigizaji. Kabla ya zoezi la kwanza watu wote watie sahihi makubaliano ya ukurasa mmoja: mwandishi anapata asilimia ngapi, aliyehama kikundi ataendelea kulipwa kwa muda gani, nambari ya till imesajiliwa kwa jina la nani, na nani wawili wanaoshika nenosiri la akaunti.