Wanafunzi wajifunza kuuza kwenye WhatsApp, mpakani wakwama kwa cheti

Simu ndiyo duka. Mwanafunzi wa chuo kikuu Nairobi au Dar es Salaam hana kodi ya fremu wala mtaji wa kujaza rafu. Anapiga picha ya gauni, anaibandika WhatsApp au Instagram, anasubiri oda. Mteja akishatuma malipo ya awali kwa simu, ndipo mzigo unafuatwa Gikomba au Kariakoo.

Kwa njia hiyo anajifunza mambo ambayo darasani huyasikia kwa nadharia tu. Akibadilisha bei, anaona ipi imeleta maswali na ipi imepita kimya. Akikopesha wenzake wa bweni, anajua upesi kwa nini wafanyabiashara wakongwe huandika madeni daftarini. Kwenye makundi ya WhatsApp wauzaji hubishana kuhusu nauli na wasambazaji wa kuaminika, na anayesoma kwa makini anapata somo bila ada. (Bando analilipia, lakini hilo angelilipia hata asipouza.)

Shida huanza mzigo unapovuka mpaka. Wengi wamesikia kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani hauna ushuru ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hiyo ni nusu ya habari. Msamaha huo, unaopatikana kwa Cheti Rahisi cha Uasili, ni wa bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Gauni la China halipati uasili wa Tanzania kwa sababu tu limelala dukani Kariakoo. Na hata penye cheti, kodi za ndani kama ya ongezeko la thamani zinaweza kudaiwa.

Kijana aliyekwisha kupokea fedha za wateja 20 anagundua hilo Namanga, mbele ya dirisha la forodha. Akilipa, faida imekwisha. Akikimbilia njia za panya, anahatarisha mzigo ambao si wake tena. Asipoufikisha, jina lake litaanikwa kwenye makundi yale yale yaliyomletea wateja.

Hapo mfanyabiashara wa mpakani ana nafasi. Anajua fomu ipi inajazwa Namanga, Busia au Mutukula, na gharama halisi hadi mzigo utoke. Mwanafunzi ana wateja, uzoefu huo hana. Ujumbe mmoja wa sauti kwenye kundi, unaoeleza bidhaa ipi ina cheti na ipi inalipiwa, unaweza kumletea mvukaji oda za bweni zima kabla muhula haujaanza.