Maji ya Futi 14

Usiku wa Oktoba 29, 2012, kimbunga Sandy kiliisukuma bahari hadi mitaani New York. Kando ya mto East, Mtaa wa 13, kuna kituo cha kupozea umeme cha kampuni ya Con Edison. Kilikuwa kimekingwa dhidi ya maji ya futi 12 na nusu. Yakaja ya futi 14. Maji ya chumvi yakaingia kwenye mitambo yenye umeme, mwako ukaangaza anga, na kusini mwa Manhattan kukawa giza totoro. Hospitali moja ikalazimika kuwateremsha wagonjwa kwa ngazi, wakiwemo watoto wachanga.

Futi moja na nusu haivuki goti la mtu mzima. Lakini kinga ile ilikadiriwa kwa kuangalia mafuriko ya zamani, na hali ya hewa ya sasa haifuati tena kumbukumbu hizo.

Wengi hudhani janga likishapiga, sera ya kampuni hubadilika yenyewe. Sivyo. Con Edison ilikwenda kwa tume inayosimamia huduma za umma jimboni kuomba idhini ya bei mpya, ikiwa na mpango wa kuimarisha miundombinu kwa takriban dola bilioni 1. Hapo wanasheria wa Chuo Kikuu cha Columbia na watetezi wa mazingira wakaweka pingamizi: ikiwa mteja ndiye mlipaji, ajengewe kwa ajili ya hali ya hewa ijayo, si iliyopita. Februari 2014 tume ikaidhinisha makubaliano, na kampuni ikabanwa ifanye utafiti wa hatari zinazokuja.

Utafiti huo, uliotoka Desemba 2019, ulilipa uzito jambo ambalo Sandy haikulionyesha: joto. Transfoma hupozwa na hewa inayoizunguka. Usiku usipopoa, nayo haipoi, na saa hizohizo kila nyumba imewasha kiyoyozi.

Linaloniuma ni kwamba haya yote ni ya kujikinga. Ukuta ukiinuliwa, hewa ya ukaa haipungui hata chembe. Kampuni iliyoumia hulinda mali yake kwanza. Hata hivyo, shinikizo lile lilizaa kitu. Mwaka 2022 sheria ya jimbo iliyataka makampuni makubwa ya umeme ya New York yafanye tathmini kama hiyo, bila kungoja kituo kingine kizame.