Nyumba ya Tiba Isiwe Jela ya Mtoto

Ni mitaa michache katika visiwa vyetu, mjini na shamba, isiyo na mzazi aliyefadhaishwa na mwanawe wa kiume wa miaka 14, 15 au 16. Kijana ameacha skuli, usiku halali nyumbani, vitu vya ndani vinapungua kimoja kimoja, na akikanywa hujibu kwa ukali. Mzazi huyo humwendea sheha, na swali lake huwa moja: nimpeleke wapi? Swali hilo ni la haki. Lakini kwa maoni yetu liko jingine linalostahili kuulizwa kabla yake: huko atakakopelekwa, atafanyiwa nini?

Tangu nyumba ya kwanza ya upataji nafuu, maarufu kwa jina la soba hausi, ilipofunguliwa Unguja mwaka 2009, watu wengi wameokolewa na dawa za kulevya. Kazi hiyo ilianzishwa na watu walioyaonja machungu hayo wenyewe, nasi tunawapa heshima wanayostahiki. Hata hivyo, kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mzima hakimfai mtoto kwa kumpunguzia kipimo tu. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Kijana wa miaka 16, hata akiwa ameota ndevu, ni mtoto mbele ya sheria hiyo.

Maumivu ya kuacha unga, ambayo vijana huyaita arosto, aghalabu hupungua baada ya wiki moja hivi, na siku hizo zinahitaji jicho la mganga. Wazazi wengi wakimwona mtoto amerudi kula na kulala hudhani amepona. La hasha! Hapo ndipo kazi inapoanza. Nyuma ya utukutu huo huenda kuna baba aliyeondoka, msiba usioliliwa, masomo yaliyomshinda, au udhalilishaji ambao mtoto hakuthubutu kumwambia mtu. Mambo hayo hayatoki kwa siku moja. Yanahitaji mshauri nasaha aliyefunzwa, mwenye subira, na anayemkuta mtoto kila siku akiwa yule yule.

Wapo watakaosema kwamba bakora ndiyo dawa, na kwamba wao walikuzwa hivyo. Sisi hatupingi nidhamu: saa ya kuamka ijulikane, kazi za nyumba zigawanywe, na anayevunja kanuni awajibike. Tunalolipinga ni kipigo, mnyororo na fedheha. Mtoto aliyefungwa hujifunza jambo moja tu, nalo ni kusema lile mkubwa wake analotaka kulisikia ili afunguliwe.

Aidha, tuangalie anakaa na nani. Mwaka 1999 mtaalamu wa Marekani, Thomas Dishion, na wenzake walionyesha kwamba kuwakusanya pamoja vijana wenye tabia mbaya kunaweza kuwazidishia ubaya, kwa kuwa husifiana kwa makosa yao. Ikiwa hivyo ndivyo kwa vijana wa rika moja, itakuwaje mtoto akilazwa chumba kimoja na watu wazima waliobobea?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika kifungu cha 25 kwamba mtoto aliyewekwa mahali kwa ajili ya malezi au tiba ana haki ya hali yake kuangaliwa upya mara kwa mara. Kwa hiyo tunawaomba viongozi wanaohusika wahakikishe kwamba kila nyumba inayopokea watoto inakaguliwa bila ya taarifa, kwamba watoto wanatengwa na watu wazima, na kwamba wanapatiwa washauri waliosomea kazi hiyo, Pemba sawa na Unguja.

Nanyi wazazi, kabla ya kumwacha mtoto, ulizeni: Atalala na nani? Akiugua atatazamwa na nani? Tutaruhusiwa kuzungumza naye faragha? Atatoka lini? Mwenye nyumba anayechukia maswali hayo hafai kuaminiwa mtoto.

Mwisho, tuitengeneze siku ya kurudi. Mwili uliokaa muda bila ya unga hauwezi tena kuhimili kiasi cha zamani, na anayerejea kwenye kiasi hicho anaweza kufa siku hiyo hiyo. Basi na akute nafasi ya skuli au fundi wa kumfunza kazi, na jamaa ambao nao wamekaa na mshauri wakasikilizana. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee wetu. Lakini anayekunja kwa pupa huvunja.