Dolari moja inaweza kulinda pori la Epulu?

Tukisikia mambo ya kulinda pori, wengi wetu tunasema: hiyo ni kazi ya serikali na ya wazungu wenye feza nyingi. Lakini tuangalie mfano ulio karibu na sisi.

Rezerve ya Okapi iko kwetu Ituri, sehemu yake kubwa katika teritware ya Mambasa, na njia ya RN4 ya kwenda Kisangani inaikata katikati. Ukubwa wake ni karibu kilometa mraba 13,700. Iliundwa mwaka 1992, UNESCO ikaiandika kama urithi wa dunia 1996, na mwaka uliofuata ikaingia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, sababu ya vita. Okapi wa porini hapatikani katika inchi nyingine yoyote. Iko hata kwenye noti zetu za franka.

Sasa, pori linapata wapi feza? Kwa majirani, mgeni analipa kiingilio, na sehemu inarudi kwa wenyeji: Uganda inatoa 20% ya viingilio kwa jamii zinazozunguka mbuga, Rwanda inatoa 10% ya mapato ya utalii wa mbuga. Ni njia nzuri, lakini inategemea miguu ya mgeni. Bunduki zikilia, mgeni harudi. Virunga ilifunga utalii 2018 baada ya shambulio, halafu tena 2020 kwa ajili ya Corona. Lakini garde wa pori anakula kila siku, botini zake zinachakaa, moto yake inanywa mafuta. Kiingilio kinakosekana saa ile ile kazi inazidi kuwa ngumu.

Hapo ndipo mchango mdogo unapata nguvu. Mtu aliyetembelea pori mara moja, akirudi kwake, anaweza kuendelea kutuma dolari mbili au tano kila mwezi. Wakiwa wengi, ile feza haikatiki hata njia ikifungwa. Tarehe 24 Juni 2012, Mai-Mai Simba walishambulia Epulu, wakaua watu, kati yao magarde, pamoja na okapi 14 wa kituo. Baadaye UNESCO na shirika la Fauna & Flora International walifungua michango kwenye intaneti kusaidia kurudisha kituo. Mtu yeyote aliweza kutoa, hata kidogo.

Sisi wa agronomia tunaelewa jambo lingine. Okapi Conservation Project, inayofanya kazi na ICCN tangu 1987, iko na pepinyeri, na inagawia walimaji miche ya miti. Shamba likipandwa miti inayorudisha nguvu ya udongo, mulimaji halazimiki kukata pori jipya kila baada ya misimu michache. Mche mmoja si bei. Feza kidogo inafanya kazi kubwa pale kitu chenyewe ni cha bei ndogo na kinarudiwa mara nyingi.

Mbele ya kutoa, uliza maswali matatu. Shirika liko na mapatano na ICCN? Linasema wazi feza inaenda kwa kitu gani? Linatoa ripoti kila mwaka? Usimpe mtu feza mkononi barabarani. Lipa kwenye ofisi na udai resi. Na ukipita RN4, usinunue nyama ya pori. Huo pia ni mchango, tena hauna gharama.

Tusidanganyane: dolari moja haitafukuza wachimba zahabu wala watu wenye bunduki. Hiyo ni kazi ya serikali, na tuendelee kuidai. Lakini wana-chama 200, kila mmoja akitoa dolari moja kwa mwezi, ni dolari 2,400 kwa mwaka. Tukianzia hapa Saio, tutakuwa na haki ya kuuliza kwa sauti kubwa: pori letu linalindwa namna gani?