Mwaka wa Vidonge Una Pakiti 13

Pakiti ya kawaida ya vidonge vya estrojeni, dawa ya kupunguza joto la ghafla kwa mwanamke anayekoma hedhi, ina vidonge 28, kimoja kwa siku. Gawa siku 365 kwa 28 upate pakiti 13, na siku moja inabaki. Mama wa Karatu anayeuliza bei ya pakiti moja famasi kisha akaizidisha mara 12 atapungukiwa kabla mwaka haujaisha. Kwa miaka mitano anahitaji kama pakiti 65. Hapo tumehesabu dawa ya kwanza tu. Mwanamke ambaye bado ana mfuko wa uzazi anahitaji na ya pili, na ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu ndiyo rahisi kuachwa fedha zikipungua.

Wahusika ni wengi. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 550,000 katika wilaya za Karatu na Ngorongoro kwa pamoja. Wanawake wa miaka 45 hadi 54, umri ambao wengi hukoma hedhi, nawakadiria kuwa asilimia 3 hadi 4 ya watu wote, yaani kati ya 16,500 na 22,000. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa hadi robo tatu ya wanawake hupata joto la ghafla na jasho la usiku. Kwa wengi ni usumbufu wa kupita. Kwa wengine ni mateso: kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, ambako Julai watu hujifunika mablanketi mawili, mama anaamka usiku wa manane shuka limelowa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2015 ulikuta kwamba kati ya waliosumbuliwa mara kwa mara, nusu waliendelea kusumbuliwa kwa zaidi ya miaka 7. Kwa wanawake weusi ilizidi miaka 10.

Upande wa pili wa mizani kuna kazi ya wanawake hao. Mtaalamu wa anthropolojia Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi miaka ya 1980, wakaona kuwa bibi waliokwisha kukoma hedhi huchimba mizizi kwa saa nyingi na kuwalisha wajukuu wakati mama zao wananyonyesha. Kutokana na waliyoyaona, mwaka 1998 walijenga hoja kwamba maisha marefu ya binadamu baada ya hedhi kukoma yametokana na kazi ya aina hiyo. Mama asiyelala miaka saba ni hasara ya kaya nzima, na vidonge vinaweza kupunguza vipindi vya joto kwa kama asilimia 75.

Sasa ile dawa ya pili. Estrojeni hunenepesha utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Isipopata mwenzake, projestojeni, wa kuuzuia, utando huo huendelea kukua na unaweza kugeuka saratani. Mwaka 1975 tafiti mbili za Marekani zilionyesha hatari hiyo wazi. Jaribio jingine, lililotangazwa 1995, liliwafuatilia kwa miaka mitatu wanawake wenye mfuko wa uzazi. Kati ya waliomeza estrojeni peke yake, asilimia 62 walipata unene usio wa kawaida wa utando. Waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa asilimia 2 tu, na walioongezewa projestojeni walikaribiana nao.

Projestojeni humezwa kila siku, vidonge vingine 365 kwa mwaka, au siku 12 hadi 14 za kila mwezi, vidonge 144 hadi 168. Njia ya pili ina vidonge vichache lakini huleta damu kila mwezi, na daktari huichagua hasa kwa mwanamke ambaye hedhi yake haijakoma mwaka mzima. Mfuko wa fedha usiamue peke yake. Aliyetolewa kizazi kwa upasuaji kwa kawaida anahitaji estrojeni tu. Kwa mwenye kizazi ambaye fedha inatosha dawa moja, ni heri asimamishe zote mbili na kurudi kwa daktari kuliko kubaki na estrojeni pekee.

Kuna na gharama ya njia. Arusha mpaka Karatu ni kama kilomita 140. Dawa ikikosekana Karatu, anayefuata pakiti moja moja mjini Arusha atasafiri mara 13, kilomita 3,640 kwa mwaka. Akinunua tatu tatu, safari ni tano, kilomita 1,400. Wa Endulen au Nainokanoka aongeze barabara ya vumbi, maana lami inaishia lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Tena fedha huku huja kwa msimu, vitunguu vya Mang'ola vikiuzika au ng'ombe akipelekwa mnadani. Huo ndio wakati wa kununua za miezi kadhaa, dawa zote mbili za kutosha muda uleule, baada ya kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi.

Hofu kubwa ya dawa hizi ilitoka kwenye jaribio la Marekani la wanawake 16,608 lililosimamishwa Julai 2002. Kwa kila wanawake 10,000 waliomeza dawa zote mbili kwa mwaka, saratani ya matiti iliongezeka kwa 8, kiharusi kwa 8, na damu kuganda mapafuni kwa 8. Mivunjiko ya nyonga ilipungua kwa 5. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, wengi wakiwa wameshapita muda mrefu tangu hedhi ikome. Kwa aliye chini ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu ikome, hesabu kwa kawaida huwa upande wake. Hata hivyo sitaificha tarakimu ya 2019: katika nchi za Magharibi, kumeza dawa zote mbili kila siku kwa miaka mitano kuanzia umri wa miaka 50 huongeza mgonjwa mmoja wa saratani ya matiti kati ya watumiaji 50, ukihesabu mpaka wafike 69.

Kwa hiyo presha ipimwe kabla ya kidonge cha kwanza. Aliyewahi kupata saratani ya matiti, kiharusi, mshtuko wa moyo au damu kuganda, na mwenye ugonjwa wa ini, aseme mapema. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu aseme pia, maana hupunguza nguvu ya estrojeni. Baada ya kuanza, arudi kwa daktari miezi mitatu ikitimia, kisha kila mwaka.

Vidonge vya majira si mbadala, ingawa hutolewa bure kwenye vituo vya serikali. Mikrogramu 30 za ethinilestradioli zilizomo huonekana chache mbele ya miligramu 1 ya estradioli, lakini kwa uzito uleule zina nguvu mara nyingi zaidi, na hatari ya damu kuganda hupanda na umri.

Damu ikitoka baada ya miezi 12 bila hedhi, kwa anayemeza dawa na asiyemeza, aende hospitali ya Karatu au Wasso wiki hiyohiyo akachunguzwe mfuko na mlango wa kizazi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na damu ya namna hiyo ni moja ya dalili zake.