Homa inayorudi baada ya safari: mwambie muganga ulilala wapi



Wengi wetu tunasafiri kuuza mchele na mafuta ya mawese. Tunapanda mto mpaka Kindu, wengine wanafika Kasongo. Usiku tunalala pale tunapopata nafasi, mara nyingi juu ya mkeka ndani ya nyumba ya udongo. Kisha kurudi Lokandu, homa inaingia, na kila mtu anasema: "Ni malaria." Mara nyingi ni kweli. Lakini kuko homa ingine inayofanana nayo, ambayo dawa ya malaria haiiponyeshi. Ni homa ya papasi.

Papasi ni ndugu ya kupe, lakini tabia yake iko tofauti. Kupe wa mbuzi ao mbwa anashikilia ngozi siku nyingi, unamuona. Papasi anajificha ndani ya nyufa za ukuta na sakafu. Anatoka usiku, ananyonya damu kwa muda mfupi, kisha anarudi mafichoni. Asubuhi mtu anaamka bila kujua kama ameumwa. Papasi anaweza kukaa miaka bila kula. Kwa hiyo hata nyumba iliyoachwa zamani inaweza kuwa na hatari.

Ugonjwa huu si mgeni Maniema. Waganga wawili waliotumwa na chuo cha Liverpool, Uingereza, Joseph Dutton na John Todd, waliuchunguza huku Kongo na kuonyesha kwamba papasi ndiye anayeuambukiza. Wote wawili waliugua. Dutton alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30. Kijidudu cha ugonjwa kinabeba jina lake: Borrelia duttonii.

Namna ya kuutambua

Angalia kalenda. Tuseme mtu amelala njiani tarehe 1. Karibu tarehe 8 anashikwa na homa kali, kutetemeka, kichwa na viungo kuuma, pengine kutapika. Kisha siku tatu hivi homa inakatika, anafikiri amepona, anarudi shambani. Kisha juma moja hivi, homa inarudi. Inaweza kuondoka na kurudi mara kadhaa. Siku hazilingani kwa kila mtu, lakini ule mwendo wa kwenda na kurudi ndio alama kubwa.

Kipimo cha haraka cha malaria hakioni kijidudu hiki. Kinaonekana kwa darubini, ndani ya tone la damu lililopakwa kwenye kioo, sawa wanavyotafuta malaria. Kinafanana na uzi uliojikunja. Lakini damu ikamatwe wakati mwili uko moto. Homa ikiisha katika, mara nyingi hakionekani. Tena, mtu anaweza kuwa na malaria na homa ya papasi pamoja. Kwa hiyo, ukipata malaria, ukatumia dawa yote, na homa ikarudi, usinunue dawa ileile mara ya pili. Rudi kituo cha afya siku ileile ya homa, useme mambo matatu: ulilala wapi, homa ilianza siku gani, ilikatika siku gani.

Dawa iko, ni antibiotiki, lakini muganga ndiye anachagua, kwa sababu ya mama mwenye mimba na ya mtoto hailingani na ya mtu mzima mwingine. Saa chache kisha kuanza dawa, mgonjwa anaweza kutetemeka na homa kupanda sana. Ni vizuri awe karibu na muganga. Mama mwenye mimba asingoje hata siku moja: homa hii inaweza kutoa mimba ao kuua mtoto mchanga.

Kujikinga

- Ukiwa safarini, lala juu ya kitanda, mbali na ukuta, ndani ya chandarua kilichotiwa dawa na kukunjwa chini ya godoro.
- Kung'uta mkeka na mizigo inje mbele ya kuingia nyumbani. Papasi anasafiri ndani yake.
- Ziba nyufa za kuta na sakafu kwa udongo mpya.

Kila anayerudi kutoka soko, aandike tarehe na mahali alipolala. Muganga ataanzia hapo.